TAHADHARI: "Raba ya mihuri" inayouzwa Arusha na Moshi haikatwi na Cricut

Watengeneza kadi wa Arusha na Moshi, kuweni macho, hasa sasa ambapo oda za kipaimara na harusi za Desemba zinaanza kuingia. Kuna muuzaji anapitisha matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp, anauza karatasi za A4 anazoziita "raba ya mihuri, inakatwa na Cricut yoyote" (Cricut ni mashine inayokata karatasi kwa kisu, ikiongozwa na kompyuta au simu). Anataka pesa yote kwanza, ndipo mzigo upandishwe basi. Kinachofika ni raba ya leza: ngumu, ya kijivu, unene milimita 2.3. Ni bidhaa halali, ila kwa kazi nyingine. Muhuri wake huchongwa kwa kuunguzwa na leza.

Kisu kirefu cha modeli ya Cricut Explore, kile chenye ncha ya pembe ya nyuzi 60, kinafika kina cha milimita 1.5 hivi, na mashine yenyewe inakandamiza kwa nguvu ya gramu 400 tu. Sponji ya EVA ya milimita 2, ile ya kazi za mikono za watoto, inakatika kwa sababu ni laini, inabonyea chini ya kisu. Raba haibonyei. Kisu kinakwaruza juu juu, kinanasa kwenye kona ya herufi, ncha inavunjika, na karatasi inang'oka kwenye mkeka wa gundi unaoishikilia katikati ya kazi. Kuongeza presha au kurudia mara tatu ni kuua kisu cha pili. Wenye modeli ya Cricut Maker nao wasijidanganye: kile kisu chake kinene hakijatengenezwa kwa herufi ndogo za muhuri.

Kabla hujalipa, mwambie aiweke karatasi moja kwenye mzani, arekodi video. A4 ya raba inazidi gramu 150; ya sponji haifiki 40. Akianza kuzungusha maneno, achana naye. Ukiwa nayo mkononi, ibonyeze kwa ukucha: sponji inaacha alama, raba haiachi.

Huyohuyo anauza pia visu "vya nyuzi 60" kwenye vifuko. Rangi ya kofia ya kisu si ushahidi. Kiweke kando ya kisu chako cha kawaida cha nyuzi 45. Cha 60 ncha yake ni kali na ndefu zaidi. Zikifanana, umeuziwa kitu kilekile.

Kwa kadi, sponji laini ya EVA ya milimita 2, inayouzwa stationari, inatosha kabisa. Usichukue yenye pambo la kumetameta, haishiki wino sawasawa. Geuza maandishi yasomeke kinyume, na mistari isiwe myembamba kuliko milimita 1.5, la sivyo itakatika ukiibandua. Tumia mkeka wenye gundi kali, funga kingo nne kwa maskingi tepu, na sogeza vile vigurudumu vyeupe vya mashine pembeni kabisa. Ukiviacha vitachora mfereji juu ya muhuri wako. Mashine ikimaliza, usitoe mkeka. Inua kona moja uangalie. Ikiwa bado imeshika, rudia mzunguko palepale. Bandika kwenye kipande cha akriliki kwa tepu ya pande mbili, kisha paka wino kwa kugongagonga pedi. Ukikandamiza, wino unaingia pembeni na herufi zinavimba kwenye kadi.

Waliokwisha kulipa: akikuomba "nauli ya kurudisha mzigo", usitume hata shilingi. Hifadhi ujumbe wa muamala, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, na ripoti namba yake kwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kupitia 15040. Raba uliyonayo usiipeleke kwa fundi wa leza kabla hajathibitisha kuwa si PVC (aina ya plastiki). PVC ikiunguzwa inatoa gesi inayochoma mapafu na kutia kutu mashine yake.