Tru-Oil kwenye kitako cha Mauser ya Uswidi ya 1916: uzoefu wangu

Wadau mnaouliza kama haya mafuta ya Tru-Oil, ya kupaka mbao za bunduki, yanastahili hela yake, jibu ni ndio, ila kazi kubwa ipo kabla hujafungua chupa.

Bunduki yenyewe ni Mauser M96 ya Uswidi, kiwanda cha Carl Gustafs, mwaka umegongwa juu pale mtutu unapoingia, inakula risasi za 6.5x55. Mwenyewe wa zamani alishakata mtutu na mbao ya mbele akaifanya ya kuwindia, kwa hiyo hadhi ya kijeshi ilishaondoka kitambo na mimi nikaichezea bila roho kuniuma (ukipata ambayo haijaguswa na namba za vipande vyote zinafanana, nakuomba usiikate).

Kitako kilikuwa cheusi tii hasa nyuma ya bolti (kile chuma cha kufungia risasi ndani), mafuta ya bunduki ya miaka nenda miaka rudi yamezama kwenye mbao. Vanishi nilitoa kwa dawa ya kubandulia rangi, sio msasa, msasa unakula mihuri ya jeshi kwenye mbao na kona zote zinakuwa butu. Palipobonyea nikaweka kitambaa kibichi nikapiga pasi ya moto juu yake, mvuke unaingia, mbao inavimba inarudi yenyewe, hapo utatamani kibonyeo kingine.

Ndio Tru-Oil sasa. Unachovya ncha ya kidole tu, unasugua mpaka kidole kipate joto, unaacha ikauke vizuri, unarudia tena na tena. Wanaopaka mengi kama wanapaka makabati ndio haohao wanalalamika kitako kinanata. Mbao ya walnati ilivyoanza kutoa mistari yake nikabaki gereji naigeuza geuza kwenye taa, wife kaita chakula kimepoa huko. Kwa ladha yangu inang'aa mno kwa kitu cha porini, nikapitisha stilwulu ile laini kabisa ya 0000 ikatulia. Na ukishafungua chupa ihifadhi kichwa chini, hewa ikiingia yanaganda juu.

Trigga sikugusa. Nilimpa fundi wa bunduki mwenye leseni hapa Minnesota afunge trigga ya Timney badala ya ile ya jeshi ya kuvuta kwa hatua mbili, na akague kama bolti bado inafunga sawasawa na risasi. Ni hela, lakini M96 haina lile jino la tatu la kufungia bolti lililopo kwenye Mauser ya baadaye, M98, so hapo hapana kubahatisha, na risasi zenye nguvu kupita kiasi sahau, za kawaida za dukani zinaangusha kulungu vizuri tu. Darubini bado sijafunga, mkono wa bolti umenyooka, ukiuinua utaigonga.

Tru-Oil naipa nyota nne na nusu. Halafu yale matambara ya kupakia usiyakunje ukatupa kwenye ndoo, kuna mafuta ya kitani ndani yanajipasha joto yenyewe mpaka moto unawaka, yaloweke maji kwanza au yatandaze nje yakauke.