Siku Nne Lushoto kwa Waliofiwa: Tathmini ya Huduma ya Kabla ya Krismasi

Mtu akifiwa, siku za mwanzo hakosi watu. Majirani hufunga turubai, wanawake hulala naye kwenye mikeka, rambirambi huandikwa kwenye daftari, na hata matanga yakishaanuliwa bado ipo arobaini ya kuwakutanisha ndugu kwa mara nyingine. Baada ya hapo kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Sikukuu ya kwanza, iwe Krismasi au Idd, mara nyingi humkuta mfiwa katika kipindi ambacho kwa wengine msiba umekwisha, ilhali kwake ndio kwanza unaanza kukaa ndani. Huduma ninayoitathmini hapa imetengenezwa kwa ajili ya kipindi hicho hasa, na kwa sababu hiyo peke yake inastahili kuangaliwa kwa makini.

Inatolewa na nyumba moja ya mapumziko iliyo pembezoni mwa mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko ambayo nimeshawafikishia wenyewe na wameahidi kuyafanyia kazi. Lakini vigezo nilivyotumia vinaweza kumsaidia yeyote anayetafuta huduma ya namna hii, popote alipo. Desemba huwa na awamu mbili za siku nne: ya kwanza kuanzia tarehe 19 hadi 22, na ya pili kuanzia tarehe 23 hadi 26. Gharama ni shilingi 480,000 kwa mtu anayekubali kulala chumba cha watu wawili, pamoja na chakula chote, mazoezi, vikao vya ushauri nasaha na masaji mara moja. Usafiri ni juu yako. Kutoka Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, kuna mwendo wa kilomita 33 za kupanda mlima kwa kona kali, na ukifika juu unakuta baridi ya mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Beba sweta na viatu vya matope, maana mvua za vuli huwa hazijaisha.

Nilichagua awamu ya kwanza. Mama yetu alifariki mwezi Julai, na nilipomweleza shangazi kwamba nitasafiri, aliniuliza, “Mwanangu, Krismasi ya kwanza bila mama yako, nawe unakwenda kulala hotelini? Baba yako umemwachia nani?” Swali lake lilikuwa la haki, na naona ndilo swali ambalo kila mfiwa anayefikiria huduma hii anapaswa kulijibu kwanza. Kwetu msiba ni wa ukoo. Anayejitenga siku ya sikukuu yenyewe huwaongezea pengo waliobaki nyumbani, na yeye mwenyewe hurudi kukuta sherehe imepita na maumivu yakimngoja pale pale. Awamu inayoisha tarehe 22 inakupa nafasi ya kujiandaa kisha kurudi kwenu, nami ningewashauri wengi waichague hiyo. Awamu ya pili ninaiona inamfaa mtu asiye na nyumba ya kurudi, au ambaye nyumba yake imejaa ugomvi wa mirathi.

Asubuhi huanza kwa kupumua. Mkufunzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, anawafundisha washiriki kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa muda wa robo saa, wakiwa wamekaa vitini. Zoezi hili lina maelezo yake ya kitabibu: mapigo ya moyo hupungua kasi mtu anapotoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na moyo, hivyo pumzi ndefu ya kutoka huupa mwili ishara ya kutulia hata pale akili inapokataa. Nilipenda kwamba hakuna aliyetuambia tusahau wala tuache mawazo yaende zake. Yoga iliyofuata ilikuwa ya kawaida, masaji yalikuwa mazuri, na sina zaidi la kusema juu ya hayo.

Matembezi ndiyo yaliyonishawishi kwamba waliobuni huduma hii wanawajua wafiwa. Siku ya pili washiriki hutembea hadi Irente, kwenye ukingo wa jabali ambako ukisimama unaona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa, kisha nyika iliyonyooka hadi macho yanapoishia. Mnatembea wawili wawili, na kila jozi hupewa swali moja tu la kuzungumza njiani: marehemu wenu, wiki hii ya kuelekea sikukuu, angekuwa anafanya nini? Watu wanaotembea bega kwa bega hawalazimiki kutazamana, na mambo ambayo mtu asingeyasema akiwa ameketi mbele ya mshauri hutoka yenyewe kati ya kupanda na kushuka. Mwenzangu, dada wa Kiislamu kutoka Korogwe aliyefiwa na mumewe na kumaliza eda mwezi mmoja kabla, alinieleza kwa kirefu jinsi marehemu alivyokuwa akinunua kanzu za watoto kabla ya Ramadhani haijaanza, kwa kuwa hakupenda msongamano wa mwisho. Idd ilikuwa bado mbali, lakini yeye alikuwa ameanza kuiogopa. Nyumba hiyo inapokea watu wa dini zote, na niseme wazi kwamba inawaheshimu: ratiba haikugongana na sala, na aliyetaka kuomba kwa njia yake aliachiwa muda na mahali.

Jioni ya siku ya tatu ndiyo kiini cha huduma yote. Kila mshiriki hupika chakula ambacho marehemu wake alikuwa akikipika, au alikuwa akikipenda, kisha vyote huliwa kwenye meza moja, na kabla ya kula kila mtu hutaja jina la mtu wake na kueleza chakula kile. Mimi nilipika pilau. Nilikaa na ungo mapajani nikichambua mchele, nikipepeta na kutoa chenga na vijiwe, kazi ambayo mama hakuwahi kumwachia mtu mwingine kila tarehe 24 kwa sababu aliamini sisi tunachambua kwa haraka ya kwenda kwenye televisheni. Pembeni yangu mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alikuwa amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi kwa mara ya kwanza maishani, kwa kusudi la kupika maharage ya nazi. Aliikuna hadi akakifikia kifuu, tui likatoka na rangi ya kahawia, na mpishi wa nyumba hiyo, aliyekuwa akimwangalia muda wote, hakumsahihisha hata kidogo. Alimpokea bakuli, akachuja tui kimya, akalirudisha mezani pake. Yule mzee alisema baadaye kwamba hakuwa amejua kazi ile inauma mabega.

Ninadhani hapo ndipo huduma hii inapogusa chanzo cha maumivu ya sikukuu. Sikukuu imeundwa kwa kazi za mikono, na kila familia huwa imezigawa kazi hizo kwa watu wake bila kuandika popote: fulani ndiye anayechinja kuku, fulani ndiye anayekaanga vitunguu, fulani ndiye anayewapigia simu ndugu wa mbali. Mtu akifariki, kazi zake hubaki zimesimama katikati ya nyumba na kila mmoja huogopa kuzigusa. Kumpa mfiwa mojawapo ya kazi hizo, mbele ya watu wasioshangaa machozi yake, kunamfaa kuliko saa nyingi za muziki laini na manukato. Wataalamu Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba wenyewe na kushughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba pande zote mbili zinahitajika. Katika jiko lile nilikuwa katika pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa upungufu. Katika kikao cha kwanza cha ushauri nasaha tulioneshwa chati ya hatua tano za huzuni, kuanzia kukana, kisha hasira, hadi kukubali, kana kwamba ni vituo vya basi ambavyo kila mtu lazima avipitie kwa zamu. Hatua hizo zilitolewa na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na hazikukusudiwa kuwa ratiba ya wafiwa. Nilimwona mshiriki mmoja akiuliza kwa wasiwasi kama ana tatizo kwa kuwa hajawahi kukasirika. Mshauri alimjibu kwa upole, lakini chati ile haikupaswa kuwa ukutani.

La pili ni zito zaidi. Kwenye duka dogo la mapokezi, kando ya chai ya mchaichai na asali, huuzwa vidonge vya mmea wa Hypericum perforatum, unaofahamika kwa jina la St. John's wort, vikielezwa kuwa ni dawa ya asili ya kuondoa majonzi. Hakuna aliyeulizwa anatumia dawa gani nyingine. Mmea huu hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin, na ni hatari kuuchanganya na baadhi ya dawa za sonona. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama kwa kila mtu, na nyumba inayowapokea watu katika hali dhaifu kama hii haina budi kuuliza kabla ya kuuza, au iache kuuza kabisa.

La tatu ni simu. Hukusanywa siku ya kwanza na kurudishwa kwa nusu saa tu kila jioni, kwa hoja kwamba mtu apumzike na kelele za mitandao. Hoja ninaielewa, lakini aliyefiwa mara nyingi ana mtu mwingine aliyefiwa nyumbani anayemtegemea. Baba yangu ana desturi ya kunipigia baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, muda ambao simu zilikuwa zimeshafungiwa kabatini, na ilinibidi niombe kibali maalumu.

Huduma ya aina hii hupimwa nyumbani, siku yenyewe. Tarehe 24 nilimwomba baba achambue mchele pamoja nami. Alikubali bila neno, akavaa miwani yake, na kabla hatujafika nusu ya ungo alikuwa ameshaanza kusimulia pilau la kwanza ambalo mama alimpikia na likaungua. Shangazi alikuja kusikiliza, kisha wadogo zangu wakaja. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya wageni kuanza kuingia, nilikaa chumbani na kupumua kwa ile hesabu ya nne na sita. Nililia kanisani, nikala mchana, na usiku nilipata usingizi.

Ningeipendekeza huduma hii kwa mtu ambaye huzuni yake ni nzito lakini bado anaweza kuamka, kula na kufanya kazi. Hali ni tofauti kwa yule ambaye miezi sita au zaidi imepita na maumivu hayajalegea hata kidogo, kiasi kwamba ameshindwa kuendesha maisha yake. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo ya huzuni iliyopitiliza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika rasmi mwaka 2022, na mahali pake ni kwenye kliniki ya afya ya akili, kama ile ya Muhimbili au ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Anayefikiria kujidhuru asisubiri Desemba, wala asipelekwe mlimani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa anayekusudia kwenda, nafasi hujazwa mapema na nusu ya malipo hutolewa wakati wa kuweka nafasi. Kabla ya kulipa, uliza kama mshauri nasaha atakayekuwepo ana mafunzo yanayotambulika, uwaeleze dawa unazotumia hata kama hawajauliza, na mkubaliane kuhusu simu. Tiketi ya basi ya kurudi ikate kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu kuanzia tarehe 20 mabasi hupita Mombo yakiwa yamejaa.