Nimekisoma kijitabu cha mgombea udiwani wetu mpaka nyuma, haya ndo maoni yangu

Watu wanarivyu mpaka kandambili kwahiyo na mimi leo acha nirivyu hiki kijitabu, maana nimegundua kata nzima tumepewa lakini waliokisoma hatuzidi wanne. Nilipewa stendi na kijana wa bodaboda, alinipa viwili, nikamwambia kimoja kinatosha, akasema chukua tu mama kingine utafungia vitumbua.

Kina kurasa 16, karatasi ya kung'aa, pini ya katikati iling'oka siku ya kwanza. Jalada ni yeye kakunja mikono ya shati, nyuma matenga ya nyanya, na aliyetengeneza hiyo picha kaikata vibaya mpaka tenga moja linaonekana kama limemkalia begani. Ilani ya chama chake sijaigusa na sina mpango, naongelea hiki kijitabu chake tu.

Historia yake nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Kazaliwa hapa hapa, baba yake fundi baiskeli, form four kapata division four na kaandika mwenyewe bila kujificha nyuma ya maneno ya "changamoto za kifamilia". Baada ya hapo kapakia matenga, kaenda Dar kubeba mizigo soko la Ilala, karudi kafungua duka la pembejeo. Wagombea wengi ukisoma historia zao unaona vyeti tu na semina alizohudhuria, huyu unaona kabisa mtu ambaye mgongo wake unaijua nyanya.

Ukurasa wa 6 ndo wa kusoma hata kama mengine utayaacha. Anaelezea tenga linavyofungwa, kwamba linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kofia juu, kofia yenyewe inapangwa nyanya moja moja ili isibomoke, ndo yanawekwa majani na kusukwa kamba, na mkulima analipwa tenga moja. Anauliza kofia za matenga kumi ukizirundika pamoja zinajaza matenga mangapi, hajibu, anakuacha upige hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga nikanyamaza kimya jikoni. Huku kuongeza kofia ndo lumbesa, na imekatazwa na sheria ya vipimo miaka na miaka, Wakala wa Vipimo wapo, lakini anayepanga ufungashaji ni mnunuzi, na mkulima nyanya zikishaiva hana siku tatu za kubishana na mtu, utabishana zinaoza. Dawa yake anasema ni kituo kimoja cha kuuzia chenye mizani, watu wauze kwa kilo, na baraza la madiwani lipitishe sheria ndogo. Hiyo ni kazi ya diwani kabisa, haihitaji mfadhili wala mgeni rasmi, hapo nampa maksi zote.

Sasa tatizo linaanzia ukurasa wa 9. Lami kilomita 12 ndani ya miaka miwili. Jamani barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali, tangu 2017, diwani anaweza kupiga kelele kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwenye baraza, anaweza kumsumbua meneja mpaka asipokee simu, lakini hela ya lami haipiti mkononi kwake. Angeandika "nitasumbua" ningemuelewa, yeye kaandika "nitajenga".

Ukurasa wa 10 kiwanda cha tomato sosi, na picha ya kiwanda cha kudownload, wafanyakazi wazungu wamevaa kofia nyeupe. Hapa nimemshangaa kweli maana yeye muuza mbegu anajua kuliko mimi. Nyanya ya kiwandani inatakiwa iwe nzito, nyama nyingi maji kidogo, ya kwetu inalimwa kwa ajili ya soko la kula, ngozi ngumu ivumilie safari. Na kiwanda kinataka mzigo kila wiki kwa bei isiyobadilika, sasa wewe mwezi ambao tenga limepanda bei utampelekea mwenye kiwanda kweli? Utampelekea wa Ilala. Halafu mwezi wa bei kuanguka kata nzima tunajazana getini kwake. Ndo hapo mashine zinapokaa bila kazi nusu mwaka. Simaanishi haiwezekani, ila mtu aliyeandika ukurasa wa 6 hakutakiwa kuandika ukurasa wa 10, nahisi waliandika watu wawili.

Ajira 3,000 kaziandika kwa wino mwekundu na hakusema zinatoka wapi, twende mbele.

Kilichonikera zaidi ni ukurasa wa 11 na wa 13. Wa 11 anasema atafuta ushuru wa mazao wote. Ushuru uko kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa, ulishashushwa 2017 kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na haukushushwa na diwani, uliamuliwa Dodoma bungeni. Sawa, tufanye kaufuta. Ukurasa wa 13, mstari mmoja tu, anasema ataongeza mikopo ya kinamama na vijana. Ile mikopo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Na mapato ya ndani kwa halmashauri kama yetu ni nini kama sio huo huo ushuru? Yaani ukurasa wa 11 anatoboa ndoo, ukurasa wa 13 anatuahidi maji.

Na hiyo mikopo ndo ilitakiwa ipewe kurasa tatu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kashaandika sana kuhusu vikundi hewa na madeni yasiyorudi. Sisi kikundi chetu tuko watano, tuna katiba, tuna akaunti, tuliomba, faili likapotelea ofisi fulani ambayo siitaji, tukaambiwa tuandike upya na tuje na kopi tena. Mgombea angesema tu kwamba majina ya vikundi vilivyopata yatabandikwa ubaoni ofisi ya kata kila robo mwaka, ningemfanyia kampeni bure na kanga ningenunua mwenyewe.

Choo cha soko hakipo popote kwenye kurasa 16. Soko la watu wote wale, na bango la mgombea limebandikwa kwenye mlango wa hicho choo, uliofungwa kwa waya.

Nyota 3 kati ya 5. Mbili ni za ukurasa wa 6, moja ya historia. Akija mwingine na kijitabu chake nitakisoma pia, ila naomba pini iwe nzuri.

Jana yule kijana wa bodaboda kaniuliza kama nimeshafungia vitumbua, nikamwambia kile cha pili ndio, hiki bado, nimekikunja ukurasa wa 11 na wa 13. Mkutano ni Jumamosi uwanja wa shule ya msingi, na mwenyekiti wetu wa kikundi nimeshamwambia aje na kopi ya lile faili.