Ghorofa au nyumba ya Kiswahili: Dar ijengwe vipi?

Ubishi huu hauishi Ilala na Magomeni: kiwanja kipandishwe ghorofa, au ibaki nyumba ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma?

Kwa gharama, nyumba ya chini inashinda. Unajenga kidogo kidogo, chumba kimoja unapangisha, barazani mama anauza vitumbua. Ghorofa linadai mhandisi, nondo na zege la uhakika tangu msingi. Lile la Kariakoo lililoanguka Novemba 16, 2024 liliua watu, na hapo sioni pa kubana matumizi.

Kwa nafasi, ghorofa halina mpinzani. Maghorofa ya serikali ya Magomeni Kota, yaliyojengwa nyumba za zamani zilipobomolewa, yalirudisha kaya 644 palepale, karibu na mjini, badala ya kuzisukuma Chanika, pembezoni mwa jiji.

Matengenezo ndiyo mtihani. Bati likivuja unapanda mwenyewe. Pampu ya maji ikifa, ghorofa ya nne wanabeba ndoo hadi wote wachange.

Mwenye mtaji, na mtaa wenye bomba kubwa la maji taka, apande juu. Anayeishi kwa kodi ya vyumba na biashara ya barazani asiharakishwe kuuza.