Miezi minane nachora milango na madirisha kwa FreeCAD

Mteja wangu wa mwisho kabla sijahamia FreeCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, alibadilisha madirisha mara tatu. Kwanza futi 5 kwa 5 nyumba nzima. Kisha la sebuleni liwe 6 kwa 5. Kisha fundi alminiamu akamwambia la jikoni lipungue liwe 4 kwa 3 na nusu. Halafu akarudi kulekule tulikoanzia. Nyumba ilikuwa na madirisha 14, na kila badiliko nililichora upya: fremu, kioo, nondo, wavu wa mbu, tobo la ukutani. Usiku wa badiliko la tatu ndipo nilipoapa kutafuta namna ya kuchora dirisha moja ambalo nikigusa upana tu, vingine vyote vinafuata.

Programu za kulipia zinazofanya kazi hiyo zipo. Revit na Archicad nimezigusa kwenye kompyuta za ofisi za watu na sina la kuzisema vibaya, ila leseni yake kwa mchora ramani anayelipwa nyumba moja moja ni hesabu nyingine. FreeCAD ni ya bure, na ni bure halali, si ile ya kuvunja kufuli. Upande wake wa majengo umejengwa kwa sehemu kubwa na msanifu majengo, Yorik van Havre, na inaonekana, maana ukuta ndani yake unajua kuwa ni ukuta na dirisha linajua limekaa kwenye ukuta gani. Mimi nilianza na toleo la 1.0, lile lililotoka Novemba 2024.

Dirisha humu huanza kama mchoro bapa: mistatili ndani ya mistatili. Unaiambia programu kwamba mstatili wa nje na wa pili yake ni fremu, nayo inachukua nafasi iliyo katikati yao na kuipa unene. Wa ndani unauita kioo. Yapo madirisha ya tayari ya kuchagua, lisilofunguka, la ubawa mmoja, la mabawa mawili, la kuslaidi, pamoja na milango. Niliyatumia wiki ya kwanza nikayaacha. Hayana nondo wala wavu, na Dar dirisha lisilo na nondo na wavu ni picha tu.

Basi nikaanza kuchora langu. Kila mstari unaupa sharti: huu ulale, huu usimame, huu ulingane na ule, kati ya huu na ule milimita 50. Masharti yakitimia, mchoro mzima unageuka kijani. Nilipokiona kijani mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, kumbe kilikuwa kinanidanganya. Nguzo ya katikati niliifunga milimita 762 kutoka kushoto, kwa sababu dirisha lilikuwa na upana wa 1524 na nusu yake ni hiyo. Nikabadilisha upana kuwa 1800. Fremu ikatanuka vizuri, nguzo ikabaki palepale, dirisha likawa na kioo kimoja chembamba na kimoja kipana. Kila kitu bado kijani! Programu haikukosea, mimi sikuwa nimeiambia kwamba nguzo ile ni ya katikati, niliiambia tu iko 762.

Hapo ndipo kazi yote ya dirisha linalonyumbulika ilipo, na wanaofundisha kwenye video huipita mbio. Kabla ya kushika kipanya nakaa na karatasi najiuliza: upana ukiongezeka, nani anapokea? Alminiamu ya fremu haipokei, inatoka dukani na kipimo chake. Nguzo ya katikati haipokei, inahama tu. Kioo ndicho kinachopokea. Mlango wa mabawa mawili ni vivyo hivyo: mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba mwanya, hupigiliwa kwenye ubawa mmoja, kwa hiyo mlango ukipanuka mabao yatanuke na mfaa ubaki na upana wake. Niliwahi kuuacha mfaa utanuke na mlango. Kwenye mlango wa futi 6 ukawa mpana kama mwimo.

Vipimo vyote nimeviweka kwenye jedwali lililo ndani ya programu yenyewe, kila seli na jina lake: upana, urefu, fremu, pengo. Halafu kwenye mchoro, badala ya namba, naandika jina. Jambo moja litakukera siku ya kwanza: fomula zake zinashika vipimo kwelikweli. Ukiandika upana utoe 100 inakataa, kwa sababu haijui ni 100 za nini. Andika 100 mm, inakubali. Nilinuna, kisha nikagundua faida yake: ukiandika 5 ft inakubali pia, inageuza yenyewe kuwa 1524.

Na hiyo 1524 ikanitia hasara. Nyumba moja ya Kigamboni niliandika futi 5 kila mahali, matobo yakajengwa 1524, fundi alminiamu akakata fremu za 1500, kwa sababu kwenye karakana yake futi 5 ni mita moja na nusu, imekwisha hiyo. Hakuna aliyekosea. Madirisha 9 yakaja yanacheza, milimita 12 kila upande, tukazijaza silikoni huku mwenye nyumba kasimama anatutazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo jedwali langu lina seli inaitwa futi, na thamani yake ni 300 mm. Mteja akisema 5, upana ni 5 mara futi. Fremu ni upana kutoa pengo mara mbili. Tobo na fremu ni mistatili miwili tofauti, haishikani tena.

Tobo nalo lina hadithi. Usipoiambia FreeCAD mstatili upi ndio utoboe ukuta, inachagua yenyewe ulio mkubwa kuliko yote. Ni busara, mpaka siku utakapochora urembo wa plasta kuzunguka dirisha. Urembo ndio ukawa mstatili mkubwa, ukuta ukatobolewa kwa kipimo cha urembo, na mimi nikatuma ramani bila kukagua plani. Aliyeniamsha ni fundi mwashi: "Bosi, hili dirisha au geti?" Ipo sehemu ya kutaja namba ya mstatili wa tobo. Itaje kila mara, hata kama unaona haihitajiki.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni nondo. Sitaki nafasi kati ya nondo na nondo izidi milimita 120. Kwa hiyo fomula inagawa upana kwa 120 mm, inapandisha jibu hadi namba kamili, inatoa moja, na hiyo ndiyo idadi ya nondo. Dirisha la 1500 linapata nondo 12, nafasi 115 na kidogo. La 900 linapata 7. Sigusi chochote. Mchomeleaji namtumia idadi na nafasi zikiwa zimeshahesabiwa, na ugomvi wetu wa zamani wa "nondo zimeongezeka" umeisha.

Luva pia zimo. Unachagua kwamba sehemu fulani ni luva, unataja upana wa ubapa na nafasi zake. Kwa vyumba vya joto bado nazipenda kuliko kuslaidi, maana dirisha la kuslaidi la vioo viwili halifunguki zaidi ya nusu yake hata ulivute vipi, na wateja hulijua hilo wakishahamia.

Sasa yale yasiyonifurahisha. Bawaba unaionyesha kwa kubofya mstari, na programu inaukumbuka kwa namba yake. Ukirudi baadaye ukaongeza mistari kwenye mchoro, namba zinaweza kuhama, na mlango ukafungukia upande wa juu kama wa kontena la chipsi. Kamilisha mchoro kwanza, bawaba ziwe za mwisho. Pili, nakala zinazofuata dirisha mama zinafuata kila kitu, pamoja na ukubwa. Ukitaka mtindo uleule kwa vipimo vitatu, unatengeneza madirisha mama matatu. Revit hapo imeiacha mbali, dirisha moja linabeba saizi kumi ndani yake. Tatu, ukimpelekea mhandisi faili la IFC, lile la kubadilishana kazi kati ya programu tofauti za majengo, anapata umbo na vipimo, ila masharti na fomula zako hazisafiri. Usimwahidi kwamba atabadilisha namba upande wake.

Na inahitaji subira. Dirisha langu la kwanza kamili, lenye nondo na wavu, lilinichukua siku tatu. La pili, jioni moja. Kama unachora nyumba moja kwa mwaka, sidhani kama itakulipa. Chukua yale ya tayari uendelee na maisha.

Juzi saa nne usiku mteja kanipigia, anataka la sebuleni litoke futi 5 liwe 6. Nikabadilisha seli moja huku bado anaeleza sababu, nikamtumia picha kwa WhatsApp kabla hajakata simu. Akaitazama, akanyamaza kidogo, akasema nisiendelee kwanza, mkewe hajaiona.