Tahadhari kwa mnaonunua mapazia mtandaoni: ukisikia neno "seti", shika futi

Wadau, habari zenu. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikiona aibu kulisema, maana mimi ndiye huwa nawagombeza wenzangu wasitume pesa kabla ya kuona mzigo. Sasa nimepigwa mimi, mchana kweupe, tena kwenye mapazia. Naandika ili mwingine asiingizwe mkenge huuhuu.

Muuzaji simtaji jina. Si kwamba namwogopa. Ni kwamba tangu tukosane amebadilisha jina la ukurasa mara mbili, kwa hiyo jina nitakalowapa leo kesho mtalitafuta msilione. Asichobadilisha ni mtindo wake, na huo ndio ninaotaka mwujue.

Dirisha la sebuleni kwangu lina upana wa sentimita 150. Bomba nilishaweka la mita 2, nikaliacha lizidi sentimita 25 kila upande ili mapazia yakifunguliwa yakae ukutani, yasinile mwanga. Nikaona tangazo: mapazia rangi ya mchanga, yameshuka hadi sakafuni, yana mawimbi mazito, kochi pembeni, paka amelala juu ya kochi. Bei? "Njoo inboksi, mpenzi." Nikaenda. Nikampa vipimo vya bomba na kimo, sentimita 230 kutoka kwenye bomba hadi sakafuni. Akanijibu ndani ya dakika moja: seti ya mita mbili, kitani halisi, ina bitana ya giza totoro, jua halipenyi hata kidogo. Akanitumia na video. Nikalipa zote. Ndiyo, zote. Msinisute, nimeshajisuta vya kutosha.

Dalili ya kwanza niliipata mlangoni nikaipuuza. Kijana aliyeleta mzigo alikuwa ameubana kwapani kama gazeti. Mapazia ya kitani yenye bitana, ya bomba la mita 2, hayabanwi kwapani. Unayapokea kwa mikono miwili.

Nikayatundika, nikayafunga. Yalinyooka kama shuka lililoanikwa kambani. Hakuna wimbi hata moja. Nikapiga simu, naye kwa utulivu kabisa akasema: "Si ulisema bomba lako ni mita mbili, dada? Mita mbili hizo."

Na kweli, zilikuwa mita mbili. Pande la kushoto mita 1, la kulia mita 1. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mchezo wote uko kwenye neno "seti ya mita mbili". Mtu asiyejua anaelewa seti ya bomba la mita mbili. Muuzaji anamaanisha kitambaa cha mita mbili. Kati ya maana hizo mbili kuna nusu ya kitambaa, na nusu hiyo inabaki kwake.

Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: pazia halipimwi sawasawa na bomba. Ili lipate marinda hata likiwa limefungwa, kitambaa chote kikitandazwa kiwe angalau mara 2 ya upana wa bomba. Mara 2 na nusu ndipo panapopendeza. Yale mapazia mepesi ya ndani, yanayopitisha mwanga, huvumilia hata mara 3 kwa sababu kitambaa chake hakina mwili. Kwa hiyo bomba langu la mita 2 lilihitaji mita 4 hadi 5 za kitambaa, maana yake kila pande liwe na mita 2 au zaidi. Picha ya tangazo ilikuwa na kitambaa hicho. Mimi nikatumiwa nusu yake kwa bei ya picha.

Swali la kuuliza ni moja, na liulize kwa maandishi: "Kila pande, likiwa limeshashonwa na kutandazwa sakafuni, lina upana wa sentimita ngapi?" Kama kichwa cha pazia kimeshonwa marinda ya kudumu, uliza upana kabla ya marinda na baada yake. Muuzaji mwenye mzigo wa kweli anajibu kwa tarakimu. Wangu nilipomuuliza (nimechelewa, najua) alinijibu "saizi ya kawaida". Hakuna saizi ya kawaida. Kuna vitambaa vingi vya sentimita 140, na vile vipana vya 280. Mtu akikwambia ana pande moja la mita 2 lisilo na kiungo, lililokatwa kwenye kitambaa cha 140 chenye maua ya kusimama, mwombe akuonyeshe huo uchawi.

Tuje kwenye ile video ya "giza totoro". Niliirudia usiku ule nikiwa na hasira, safari hii bila haraka. Anawasha tochi ya simu, anaiweka nyuma ya kitambaa, mwanga hauonekani, anacheka. Ukitazama kidole gumba chake utaona ukingo wa kitambaa umejitokeza mara mbili. Alikuwa amekikunja! Na tochi hakuigusisha, aliishika mbali. Changa la macho la wazi kabisa, nami nililitazama mara tatu kabla ya kulipa.

Kitambaa cha kuzuia mwanga kweli hupakwa tabaka mgongoni: jeupe, jeusi, halafu jeupe tena. Lile jeusi la katikati ndilo linalofanya kazi. Kitambaa kinene cha rangi ya giza hupunguza mwanga tu, na hilo si kosa kama umeuziwa kwa jina hilo. Kukijaribu, gusisha tochi kwenye kitambaa kikiwa safu moja. Ukiona duara la mwanga, hicho ni cha kupunguza. Ila tuwe wa haki: hata kile cha kweli huonyesha vitobo vidogo kama nyota pale sindano ilipopita, na mwanga utaendelea kupenya juu na pembeni ya bomba. Usimrudishie mtu mzigo kwa sababu ya nyota za kwenye mshono.

Kitani nacho. Nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo, nikaushika kwa kibanio juu ya sinki na kuuwasha. Kitani au pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini unaloweza kulipuliza. Wangu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga kigumu cheusi na harufu ya plastiki. Poliesta. (Mchanganyiko huonyesha vyote viwili, jivu na kishanga.) Wala siichukii poliesta, haikunjamani ovyo, inakauka upesi, na kwenye dirisha linalopigwa na jua hustahimili kuliko hariri, ambayo jua huila hadi inachanika yenyewe. Lakini kama ni poliesta, nilipishe bei ya poliesta.

Mengine nitayapitia haraka. Kimo kilikuwa sentimita 214 badala ya 230, yananing'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo. Nikatazama pindo la chini nione kama linaweza kuteremshwa: sentimita 2, limekunjwa mara moja, basi. Pazia refu la heshima huwa na pindo la sentimita 10 hivi, lililokunjwa mara mbili, kwanza ili lishuke vizuri kwa uzito wake, pili ili likisinyaa baada ya kufuliwa uwe na pa kulirefushia. Nilipomwambia, akanijibu yamesinyaa kwa sababu nimeyafua. Sikuwa nimeyatia maji hata tone.

Ringi zilikuwa 7 kila pande. Hesabuni ringi zenu sasa hivi. Zikiwa shufwa, yaani 6, 8 au 10, kingo zote mbili za pande huelekea upande mmoja, zikalala vizuri kuelekea ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja hutoka nje kukutazama kama sikio. Fundi yeyote wa mapazia analijua hilo siku ya kwanza kazini. Aliyeshona yale hakuwa fundi wa mapazia.

Halafu rangi. Usiku chini ya taa yalikuwa mapacha. Asubuhi jua lilipoingia yakawa mtu na binamu yake, moja limeelemea njano, jingine kijivu. Yamekatwa kwenye majora mawili tofauti. Mkinunua kwa ajili ya chumba chenye madirisha mengi, sisitizeni kitambaa chote kitoke kwenye jora moja, na mkikague mchana, karibu na dirisha.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nilipombana sana alijitolea kunifidia kwa pazia la kuviringisha la chumba cha mtoto, lile la kupandisha na kushusha kwa kamba iliyofungwa kitanzi pembeni. Bure. Nikamwambia nina mtoto wa miaka miwili. Akasema, "Atalipenda, linavutika."

Jamani. Kitanzi cha kamba ya pazia kinaweza kumnyonga mtoto mdogo kimyakimya, kwa dakika chache, mama akiwa chumba cha pili. Hili si jambo la kutishana. Marekani tangu mwishoni mwa 2018 kanuni za viwanda zinataka mapazia ya aina hiyo yanayouzwa tayari madukani yawe hayana kamba, au kamba isifikiwe na mtoto, na 2024 kanuni zikakazwa hata kwa yanayotengenezwa kwa oda. Kama tayari unalo la kamba, funga kamba au mnyororo ukaze ukutani usibaki kitanzi kinachoning'inia, ncha iwe juu sana, mita 1 na nusu kutoka sakafuni au zaidi, na kitanda cha mtoto kisikae karibu na dirisha. Bora zaidi liondoe kabisa chumbani kwa mtoto. Na mkiuziwa yale ya vibao vya plastiki yaliyokwishatumika miaka mingi, achaneni nayo. Mwaka 1996 huko huko Marekani mamlaka ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu mapazia ya vibao vya plastiki yaliyoagizwa kutoka nje, baada ya kubainika kwamba jua na joto huyachakaza yakatoa vumbi lenye risasi, ile madini yenye sumu.

Zawadi nikaikataa. Nikadai pesa. Hapo ndipo nilipoanza kushuka cheo: kabla ya kulipa nilikuwa "mpenzi mteja wangu", siku ya mzigo nikawa "dada", siku ya kudai nikawa "wewe". Ujumbe wa mwisho ulisomeka: "Wewe, mali ya oda hairudishwi." Kisha akanifungia.

Hoja hiyo ya oda mtaisikia sana, kwa hiyo ijueni vizuri. Ni kweli, kitu kilichokatwa kwa vipimo vyako muuzaji hawezi kukiuzia mtu mwingine. Hata Umoja wa Ulaya, ambako anayenunua mtandaoni hupewa siku 14 za kubadili mawazo, kilichotengenezwa kwa vipimo vya mteja hakimo. Lakini hiyo inamhusu aliyebadili mawazo. Mimi sikubadili mawazo. Niliagiza 230 nikaletewa 214, niliagiza kitani nikaletewa plastiki. Tena yale hayakuwa ya oda hata kidogo. Ukiyageuza, kwenye mshono wa juu kuna alama ya lebo iliyokatwa kwa mkasi. Yalitoka kiwandani yameshashonwa, yeye akanikatia lebo tu.

Nikirudi dukani leo, kwa huyu au kwa mwingine, nitaomba kwanza kipande cha kitambaa, hata cha ukubwa wa kiganja, nikae nacho mpaka mzigo ufike nivilinganishe. Nitalipa kianzio, na salio nikishapima, kijana wa mzigo akiwa bado mlangoni. Upana wa kila pande, kimo, idadi ya ringi, aina ya kitambaa, vyote viwe vimeandikwa kwenye risiti, si kwenye sauti iliyorekodiwa ambayo anaweza kuifuta. Na picha ya tangazo nitaitafuta kwanza kwenye intaneti kwa kuipakia yenyewe, nione inatokea wapi kwingine. Hilo la mwisho nililifanya nikiwa nimeshalizwa. Picha ile iko kwenye kurasa za wauzaji wengi, wa nchi tofauti, kila mmoja akidai ni kazi ya mikono yake.

Mapazia yenyewe sikuyatupa. Fundi wangu ameunganisha yale mapande mawili, akaondoa ringi na kuyashona marinda upya, sasa yamekaa dirisha dogo la stoo na yamependeza kuliko yanavyostahili. Mshono wa kati ameuficha ndani ya rinda, lazima uambiwe ndipo uuone.

Jana rafiki yangu amenitumia ukurasa mpya, eti niuangalie, wana mapazia mazuri na ofa ya wiki hii tu. Rangi saba: mchanga, kijivu, kijani, bluu, damu ya mzee, nyeupe, nyeusi. Mikunjo ni ileile kwenye rangi zote saba, hata kivuli sakafuni ni kilekile. Na juu ya kochi, kwenye picha zote saba, paka amelala, mguu mmoja umening'inia.