Darasa la dansi ya Java hapa Den Haag: uje na magoti yako

Wengi mmeniuliza kama lile darasa la jioni, la dansi ya Java, kisiwa cha Indonesia, iliyochanganywa na ya kisasa, linastahili yuro 18. Linastahili, na pesa yako karibu yote inaenda kwenye saa ya kwanza.

Kwanza mjue si mambo ya watalii. Watu wenye asili ya Indonesia ni wengi mji huu tangu Uholanzi ilipopoteza koloni lake, na soko la Tong Tong, la bidhaa na sanaa za Kiindonesia, lilianza hapa tangu 1959. Darasani wamo wajukuu wa waliohama, baadhi hawajui hata salamu ya Kiindonesia, ila jarik ya bibi wanayo.

Jarik ndiyo unayoanza nayo: kitambaa cha batiki kinachobana miguu mpaka kwenye vifundo. Kiuno kinazungushiwa stagen, mkanda mrefu wa nguo, kisha inafuata sampur, skafu ambayo ncha zake mbili zinaning'inia mbele. Mimi mtu wa Tanga, kufunga nguo kiunoni kabla ya kucheza sikuhitaji kufundishwa. Lakini leso ya chakacha inaitangaza nyonga, na huku nyonga inatakiwa inyamaze. Kazi inafanywa na vidole: kidole gumba kinagusa cha kati, vingine vinajikunja, kifundo cha mkono kinazunguka polepole hadi unaona aibu kwa haraka zako. Magoti yamekunjwa na kufunguliwa nje muda wote, mgongo wima, vidole vya miguu vimeinuliwa. Dakika kumi tu mapaja yanawaka moto.

Kinachowachanganya wageni ni hesabu. Wanahesabu hadi nane, lakini uzito uko kwenye ile nane yenyewe, ndipo gong kubwa inapolia na mwendo unapotua. Sisi tuliozoea kuingia na pigo la kwanza tunafika mapema, tunabaki tumesimama kama tuliokosa basi. Gamelan, muziki wa gong na vyombo vya shaba vya kugonga, ni ya spika, ila mwalimu anapiga kendang mwenyewe, ngoma inayolazwa, yenye ngozi pande mbili, na macho yake hayatoki miguuni mwenu. Ukirusha ncha ya sampur nyuma ya pigo, anarudia. Hakasiriki, lakini anarudia.

Saa ya pili jarik zinavuliwa. Hapa ndipo darasa linapoyumba. Inawekwa mingurumo ya kompyuta, mnaambiwa mzunguke chumbani mtafute hisia zenu, na mimi hisia yangu ni kutazama saa. Mwalimu akitoa masharti, mambo yanabadilika kabisa: fanyeni ule mzunguko wa mkono mkiwa mmelala chali, mcheleweshe kutua mpaka gong imeshapita. Hapo unaelewa msanii kama Rianto, aliyelelewa na lengger, dansi ya kienyeji ya Banyumas huko Java, akahamia Japani na kucheza na kundi la dansi la Akram Khan la London, anachota wapi. Usasa wake unatoka ndani ya kanuni, na mwili wake umeshazibeba. Mwalimu wetu anajua hivyo. Basi angepunguza ile mizunguko ya chumbani na kuongeza masharti.

Wanaume msiogope. Lengger yenyewe ina wanaume wanaocheza mwendo wa kike, kwa hiyo hakuna atakayewashangaa mkipewa mikono laini. Lugha ni Kiholanzi na Kiingereza kidogo, lakini mengi utayafuata kwa macho. Sakafu ni ya mbao na mnacheza peku, na chumba kina baridi hadi mwili upate joto. Mwenye magoti mabovu apewe kiti, mikono tu ina kazi ya jioni nzima.

Kuna kadi ya jioni kumi inayoshusha bei hadi yuro 15 kila moja. Msiinunue kabla ya kuonja mara moja, maana hairudishwi.